Jinsi ya Kula Katika Mgahawa wa Hadhi Nchini Italia, Tangu Kuweka Nafasi Hadi Kulipa Bili

Mwongozo huu nimemwandikia msafiri ambaye, katika siku zake za Italia, ameamua kutenga jioni moja kwa ajili ya kula katika mgahawa wa hadhi: meza yenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi hadi kwenye pindo, glasi tatu au nne mbele ya kila kiti, na mhudumu anayejua kila kilichomo katika kila sahani. Jioni kama hiyo ni ghali, na wengi wetu huipata mara moja kwa miaka mingi, pengine kwa fungate, pengine kwa kuwaenzi wazazi waliodumu katika ndoa. Ndiyo maana husikitika ninapokutana na watu waliotoka humo wakiwa wamenyong'onyea, si kwa ubaya wa chakula, bali kwa kuwa bili iliwashtua, au waliletewa wasichoweza kula, au walikaa muda mrefu wakidhani wamesahauliwa. Karibu yote hayo huepukika kwa swali moja lililoulizwa mapema. Kuuliza si ujinga, na katika Italia mtu anayeuliza kuhusu chakula huheshimiwa, kwa sababu huonekana anakijali kama wenyeji wanavyokijali.

Hatua ya kwanza: chagua mgahawa, na usidanganywe na jina

Waitaliano wana majina mengi ya mahali pa kulia. Ristorante ni mgahawa kamili wenye wahudumu rasmi na orodha ndefu ya mvinyo. Trattoria kwa asili ni nyumba ya kulia inayoendeshwa na familia na kupika vyakula vya eneo lake. Osteria ilikuwa mahali pa kunywea mvinyo na kula kidogo. Enoteca ni ghala au duka la mvinyo. Leo, hata hivyo, majina haya si kipimo cha bei wala cha hadhi. Osteria Francescana ya mjini Modena, ambayo Massimo Bottura aliifungua mwaka 1995, ina nyota 3 za Michelin, mwongozo wa Kifaransa unaopima migahawa, na katika miaka ya 2016 na 2018 ilitajwa kuwa ya kwanza katika orodha ya migahawa 50 bora duniani. Enoteca Pinchiorri ya Firenze nayo ni ya nyota 3. Anayeingia mahali kama hapo akitarajia kuketi kwenye benchi na kula sahani moja ya haraka atapata mshangao mkubwa.

Vipimo viwili vinavyosaidia ni nyota za Michelin na uma za Gambero Rosso, mwongozo wa Kiitaliano, ambavyo vyote hufikia tatu. Kwa Michelin, nyota 1 ina maana kwamba mgahawa unastahili kusimama ukiwa njiani, nyota 2 kwamba unastahili kuiacha njia yako ili uufikie, na nyota 3 kwamba unastahili safari ya peke yake. Katika nyota 1, mfululizo wa sahani uliopangwa na mpishi mara nyingi huanzia takriban euro 100 kwa mtu, bila vinywaji. Katika nyota 3 hupita euro 250. Ushauri wangu ni kwamba mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza asikimbilie nyota 3. Mgahawa mzuri usio na nyota, au wenye 1, katika mji mdogo kama Alba, Mantova au Parma, humpa mgeni utulivu na mazungumzo ya karibu na wahudumu ambayo ni vigumu kuyapata mahali panapojaa watalii. Na kama mfuko hauruhusu chakula cha jioni, angalia kile cha mchana: migahawa mingi ya hadhi hutoa mchana mfululizo mfupi wenye bei nafuu, kutoka jiko lilelile na mikono ileile.

Kabla ya kuamua, isome menyu yenye bei. Migahawa mingi huibandika nje ya mlango au kuiweka kwenye tovuti yao. Usipoiona popote, andika uiombe.

Hatua ya pili: weka nafasi, na useme usichokula papo hapo

Hii ndiyo hatua ninayoomba isomwe kwa makini kuliko zote.

Migahawa yenye nyota 3 hujaa wiki nyingi, na pengine miezi, kabla ya siku yenyewe. Mingine ya hadhi huhitaji wiki moja au mbili. Nafasi huwekwa kwenye tovuti, kwa barua pepe au kwa simu, na mara nyingi utaombwa nambari ya kadi ya benki, kwa maana kwamba usipotokea bila kutoa taarifa utatozwa kiasi fulani kwa kila mtu. Soma hapo hapo ni saa ngapi kabla unaruhusiwa kufuta bila kutozwa. Kumbuka kwamba migahawa mingi hufungwa siku moja au mbili kila wiki, hasa Jumapili jioni na Jumatatu, na kwamba mwezi wa Agosti, karibu na sikukuu ya Ferragosto ya tarehe 15, mingine hufunga kwa wiki nzima au zaidi.

Kuhusu saa, jihadhari. Waitaliano hula chakula cha jioni kuanzia saa 1:30 au saa 2:00 usiku kwa hesabu yetu ya Kiswahili, nao huandika 19.30 au 20.00, kusini na Sisilia huchelewa zaidi. Mtu aliyezoea kusema "saa mbili" asije akaandika 2.00 kwenye fomu ya mgahawa. Tena, saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya za Italia kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo saa 2:30 usiku ya Roma ni saa 4:30 ya Dar es Salaam mwezi wa Januari. Tumbo halibadilishi saa upesi kama simu. Ukiwa umewasili jana, kula kitu chepesi alasiri ili usifike mezani ukitetemeka kwa njaa.

Sasa suala la usichokula. Kwa msomaji Mwislamu, na wako wengi wanaosoma Kiswahili, tatizo la jiko la Kiitaliano haliishii kwenye nyama ya nguruwe inayoonekana. Wali wa risotto karibu daima humiminiwa mvinyo mweupe mwanzoni mwa kupikwa. Tortellini za Modena na Bologna hujazwa nyama ya nguruwe, ingawa kwa nje ni unga na yai tu. Strutto ni mafuta ya nguruwe, nayo huingia katika mikate kadhaa, ikiwemo piadina ya asili ya Romagna. Zabaione hutengenezwa kwa mvinyo wa Marsala, babà ya Napoli hulowekwa katika ramu, na tiramisù ya migahawa mingi hutiwa kileo. Linalowakamata wengi zaidi ni hili: jelatini inayogandisha panna cotta huitwa kwa Kiitaliano colla di pesce, yaani gundi ya samaki, lakini siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Mtu husoma neno pesce, akadhani kuwa ni samaki, akaridhika. Jibini la Parmigiano Reggiano nalo hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, jambo linalowahusu pia wasiokula nyama kabisa.

Yote haya mpishi mzuri anaweza kuyakwepa, mradi ajue siku kadhaa kabla. Akijulishwa wewe umeshaketi, mchuzi uliochemka tangu asubuhi hauwezi kuchujwa mvinyo. Kwa hiyo katika ujumbe wako wa kuweka nafasi andika hivi:

Buongiorno, vorrei prenotare un tavolo per due persone per sabato 18 ottobre alle 20.30. Per motivi religiosi non mangiamo carne e non consumiamo alcol, neanche nella preparazione dei piatti. Pesce e verdure vanno benissimo. Grazie.

Maana yake ni kwamba unaomba meza ya watu wawili Jumamosi tarehe 18 Oktoba saa 2:30 usiku. Kwamba kwa sababu za dini hamli nyama wala hamtumii kileo, hata katika mapishi. Na kwamba samaki na mboga vinafaa kabisa. Nimependekeza kuacha nyama yote kwa kuwa migahawa ya namna hii kwa kawaida haina nyama iliyochinjwa kihalali, na ni rahisi kwa mpishi kukutengenezea mlo kamili wa bahari kuliko kubahatisha. Asiyekula nguruwe tu aandike non mangiamo maiale, na anayetaka kuepuka jelatini aongeze né gelatina animale. Mwenye mzio naye atangulie kusema: sheria ya Umoja wa Ulaya inaulazimu mgahawa utoe taarifa juu ya aina 14 za vizio, kama vile karanga, maziwa, mayai, samaki, ufuta na ngano.

Mnapofika, rudia jambo hilo kwa mhudumu kabla ya kuagiza. Ujumbe ulioandikwa wiki tatu nyuma unaweza usimfikie aliye zamu.

Hatua ya tatu: mavazi, na dakika kumi za kwanza

Mwanamume avae suruali ndefu, shati la mikono mirefu na koti. Tai si lazima mahali pengi, lakini koti husameheka kulivua zaidi kuliko kulikosa, na migahawa michache hulidai. Kaptura, kandambili na kofia ya michezo havifai. Kwa mwanamke hakuna sare. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, dera la kutokea au kanzu safi ni mavazi ya heshima, nami nimeona wahudumu wakiyapokea kwa furaha ya kweli.

Fika kwa wakati, na ukichelewa zaidi ya dakika kumi piga simu. Ukiingia, salimu kwanza: buonasera, ukimtazama mtu machoni. Katika jambo hili Mtaliano na Mswahili wanafanana. Anayeingia akianza na haja yake kabla ya salamu huonekana hakulelewa. Neno ciao liache kwa unaofahamiana nao, kama ambavyo humwambii mzee "mambo". Usijitafutie meza. Subiri anayepokea wageni athibitishe jina lako na akuongoze.

Hofu ya lugha isikuzuie, kwa maana mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati kubwa hapa: vokali za Kitaliano husomeka karibu sawasawa na zetu. Wenyeji wa Malindi, ambako Waitaliano wamejaa kwa miongo mingi, wanalijua hili, na si ajabu kumkuta muuza vinyago wa ufukweni akizungumza Kitaliano laini bila kuingia darasani. Yaliyobaki ni kanuni chache. Herufi ch hutamkwa k, kwa hiyo bruschetta ni "brusketa". C ikifuatwa na e au i ndiyo hutamkwa kama ch yetu, kwa hiyo dolce ni "dolche". Na gn ni ny, kwa hiyo gnocchi ni "nyoki".

Hatua ya nne: soma menyu kama mpango wa jioni nzima

Mlaji wa kwetu amezoea wali na mchuzi, au ugali, nyama na mboga, vikiwa pamoja mbele yake. Mlo wa Kiitaliano huja kwa zamu. Antipasto ni kianzio. Primo, sahani ya kwanza, ni tambi, risotto au supu. Secondo, sahani ya pili, ni samaki au nyama. Contorno ni mboga au viazi, nayo huagizwa na kulipiwa peke yake. Dolce ni kitindamlo. Ukiagiza secondo ya samaki bila contorno, mahali pengi samaki atakuja peke yake na limau pembeni. Hujasahauliwa wali, hakuna wali unaokuja. Wala huwajibiki kuagiza zamu zote. Watu wanaokula sahani mbili kila mmoja, kwa mfano antipasto na primo, au primo na secondo, wako ndani ya adabu kabisa.

Njia nyingine ni menu degustazione, mfululizo wa sahani ndogondogo tano hadi kumi au zaidi ambazo mpishi mwenyewe amezipanga. Huu ndio mlo ambao migahawa mikubwa hujivunia. Mara nyingi hutolewa kwa sharti kwamba meza nzima iuchukue, kwa kuwa jiko haliwezi kwenda mwendo wa sahani nane kwa mmoja na wa sahani mbili kwa mwenzake. Huchukua saa mbili na nusu hadi nne. Ukiwa na watoto, au umechoka na safari, usiuchague. Agiza kutoka kwenye orodha ya kawaida, inayoitwa alla carta.

Soma na alama ndogo. Kinyota kando ya jina la chakula humaanisha kwamba kitu hicho huenda kiligandishwa kwenye barafu. Maneno minimo due persone humaanisha kwamba sahani hiyo hupikwa kwa watu wawili au zaidi, jambo la kawaida kwa risotto, ambayo hukorogwa papo hapo kwa takriban dakika 18 na haipashwi moto. Halafu kuna l'etto, neno lililowagharimu wageni wengi. Etto ni gramu 100. Samaki mzima na ile nyama nene ya bistecca alla fiorentina huuzwa kwa uzito, na bei iliyoandikwa ni ya etto moja au ya kilo. Mimi na mke wangu tulijifunza hili katika mji mdogo wa pwani ya Liguria. Tuliona samaki ameandikwa euro 9, tukamwona ni rahisi kuliko tambi; akaletwa mzima, mzuri, wa kilo 1 na gramu 400, nasi tukamla kwa shangwe. Kwenye bili alisimama peke yake kwa euro 126. Mgahawa haukutudanganya, maana neno etto lilikuwepo kwa herufi ndogo, ila hakuna aliyetutajia uzito wala sisi hatukuuliza. Siku hizi, mhudumu anapotuletea samaki kwenye sinia ili tumtazame, mke wangu hunitangulia kuuliza: Quanto pesa? E quanto viene in tutto? Yaani, ana uzito gani, na jumla itakuwa kiasi gani? Hujibiwa kwa ukarimu kila mara.

Tahadhari hiyohiyo itumike kwa tartufo bianco, ule uyoga mweupe uotao chini ya ardhi karibu na mizizi ya miti, ambao unasifika zaidi kutoka Alba na hupatikana hasa kati ya Oktoba na Desemba. Hauliwi kama mboga. Mhudumu huja na mzani mdogo na kiuyoga kilichofunikwa kwa kitambaa, hukipima mbele yako, kisha hukikwangua kwa wembe maalumu juu ya tambi za moto za tajarin au yai la kukaanga. Vipande huanguka vyembamba kama karatasi, na vinapogusana na mvuke harufu yake hufunguka ghafla: kuna kitunguu saumu ndani yake, kuna asali, kuna udongo uliolowa mvua ya kwanza. Ni mojawapo ya harufu zilizonifanya nipende chakula cha nchi hii. Bei yake huhesabiwa kwa gramu, nayo ni kubwa, na mkono wa mhudumu hautasimama mpaka wewe useme. Uliza bei ya gramu moja kabla hajaanza, na ukiona imetosha sema basta così, grazie. Baada ya hapo atakipima tena, na tofauti ya uzito ndiyo utakayolipia.

Hatua ya tano: maji, mkate na mvinyo

Swali la kwanza mezani litakuwa la maji: naturale, yaani ya kawaida, au frizzante, yenye gesi. Huja kwa chupa na hulipiwa. Mkate huletwa bila kuombwa, wakati mwingine pamoja na vijiti vikavu vya grissini na mafuta ya zeituni. Si mlo, ni wa kusindikiza, na anayeumaliza kabla ya antipasto hujutia mbele. Pia huja kipande kimoja au viwili vya chakula ambavyo hukuagiza. Hivyo ni benvenuto, karibu ya mpishi, na katika migahawa ya hadhi hutolewa bure.

Asiyekunywa kileo aseme mara moja, kwa utulivu: non beviamo alcol, grazie. Glasi za mvinyo zitaondolewa na hakuna atakayekudai maelezo. Migahawa kadhaa mikubwa sasa huandaa vinywaji visivyo na kileo vya kulinganisha na kila sahani, vya matunda, chai na mimea, kwa hiyo uliza abbinamento analcolico.

Anayekunywa atakutana na msimamizi wa mvinyo akiwa na kitabu kinene. Usijifanye mjuzi wa mvinyo maarufu kama Barolo na Brunello. Mwonyeshe kwa kidole bei moja kwenye orodha inayolingana na mfuko wako, umwambie mlichoagiza, naye ataelewa bila wenzako mezani kusikia tarakimu. Anapokumiminia tone la kuonja, hakuulizi kama umeupenda. Anakutaka uhakikishe kwamba mvinyo haukuharibiwa na kizibo, hali inayonuka kama kadibodi iliyolowa. Mvinyo ukiwa salama, tikisa kichwa kukubali.

Hatua ya sita: kula

Uma na visu vilivyopangwa kando ya sahani hutumika kutoka nje kuja ndani, kufuatana na zamu. Kitambaa cha mezani kiweke mapajani. Viganja viwe juu ya ukingo wa meza, si chini yake, na viwiko visiwepo. Tambi ndefu huzungushwa kwa uma pekee, chache kwa wakati, zikigusa pembe ya sahani. Hazikatwi kwa kisu, na kijiko cha kusaidia ni cha watoto. Jibini halinyunyizwi juu ya tambi za samaki au kamba. Ukiliomba utaletewa, lakini mpishi ataona kwamba ladha ya bahari aliyoitafuta umeifunika.

Desturi ya kufuta mchuzi kwa kipande cha mkate, fare la scarpetta, ni ya mapenzi nyumbani na trattoria. Katika mgahawa rasmi huachwa, ingawa nimeona wazee wa Kiitaliano wakiifanya kwa kipande kidogo kilichochomwa kwenye uma, na hakuna aliyekasirika. Kula kwa mkono kunaruhusiwa pale tu ambapo umeletewa bakuli la maji yenye limau kando ya kamba au kaa.

Kati ya sahani na sahani kutakuwa na kimya cha dakika 15, pengine 20. Hapo ndipo wengi hudhani wamepuuzwa. Jiko linasubiri watu wote mezani wamalize, na uma na kisu vikiwa vimelazwa sambamba sahanini, ndipo lianze kinachofuata. Meza hiyo kwa kawaida ni yenu usiku kucha, na hakuna mwingine anayengoja mwondoke. Zungumzeni. Picha moja ya sahani, bila mwanga wa kamera, haimkeri mtu, lakini risotto hupoa na kuganda upesi. Sigara hairuhusiwi ndani. Sheria iko tangu Januari 2005.

Hatua ya saba: kahawa, bili na kuondoka

Kahawa huja baada ya kitindamlo, si pamoja nacho. Sema un caffè, na utaletewa kikombe kidogo cha kahawa kali, kwa kawaida pamoja na vitamutamu vidogo vya bure. Cappuccino ni ya asubuhi. Waitaliano huamini maziwa mengi juu ya tumbo lililoshiba ni mzigo, na baada ya mlo wa sahani tano nakubaliana nao.

Bili haitaletwa mpaka uiombe, kwa sababu kuileta bila kuombwa ni kama kumfukuza mgeni. Mtazame mhudumu, useme il conto, per favore. Usome mstari kwa mstari. Coperto ni ada ya kuketi, inayotozwa kwa kila mtu, kwa kawaida euro chache. Ni halali mradi imeandikwa kwenye menyu. Katika jimbo la Lazio, lenye mji wa Roma, sheria ya mwaka 2006 iliipiga marufuku, kwa hiyo huko utaona badala yake malipo ya mkate, pane. Servizio ni malipo ya huduma, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Ikiwepo, hudaiwi bahashishi yoyote. Isipokuwepo bado si wajibu, lakini baada ya jioni iliyokwenda vizuri euro 10 au 20 taslimu zikiachwa mezani hupokewa kwa shukrani. Ukiona kosa, lionyeshe kwa sauti ya chini. Husahihishwa bila ubishi.

Unapolipa kwa kadi, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kutozwa kwa euro au kwa shilingi. Chagua euro, kwa maana kiwango cha kubadilishia fedha kinachotolewa na mashine karibu kila mara ni kibaya kuliko cha benki yako. Chukua risiti iliyochapwa. Kama mko marafiki kadhaa, gawaneni sawasawa, desturi ambayo huko huitwa alla romana, kuliko kumtaka mhudumu atenganishe bili sita.

Kabla ya kusimama, mwombe mhudumu awaitie teksi, kwa kuwa katika miji ya Italia hazisimamishwi barabarani kwa mkono kwa urahisi. Katika miji kadhaa mita huanza kuhesabu tangu dereva anapoanza safari ya kuwafuata, kwa hiyo mtaikuta ina euro kadhaa tayari kabla hamjafunga mlango, na hilo ni sawa.